Sura ya 7: Kwa Nini Gia Zikwaruze Mlimani Tu?

Swali hili huulizwa kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Kwa nini Volkswagen Beetle ya zamani, ile isiyo na pedali ya klachi, inabadili gia bila taabu kwenye barabara kuu ya Mombasa, kisha ikianza kupanda vilima vya Kilungu kuelekea Nunguni inakwaruza, inashtuka, au inakataa kabisa kurudi gia ya chini?

Mwenye gari huwa ameshapewa majibu kabla hajafika kwenye gereji ya pili. Ameambiwa giaboksi imekufa. Ameambiwa klachi imeisha. Wengine humwambia hilo ni gari la tambarare, milima auachie watu wa Land Rover. Mimi nasema majibu hayo yote yasubiri. Klachi ya gari hili haisukumwi na mguu wa dereva wala na mafuta ya breki. Inavutwa na hewa, kupitia mipira michache inayoanzia kwenye kabureta na bomba lililo chini yake. Mpira mmoja ukichomekwa mahali pasipo pake, au ukipasuka ufa usioonekana, gari litatembea tambarare kama kawaida na kuaibika mlimani. Sura hii inaeleza sababu, kisha inaonyesha jinsi ya kuirudisha mipira hiyo mahali pake.

Gari lenye gia lakini halina klachi ya mguu

Volkswagen walilileta Beetle la aina hii kwa modeli ya mwaka 1968, wakaendelea nalo hadi katikati ya miaka ya 1970. Waliliita Automatic Stickshift. Ni nusu-otomatiki: dereva bado anabadili gia kwa mkono, ila pedali ya klachi haipo. Halikuwa peke yake. Miaka ileile Porsche walikuwa na mfumo wao wa Sportomatic, na NSU wa Ujerumani walitoa Ro 80 mwaka 1967 ikiwa na klachi inayovutwa kwa njia hiyo hiyo.

Tukumbuke kwamba Beetle ya kawaida, yenye pedali zote tatu, ilijijengea jina katika udongo wetu. Ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Ndiyo maana mafundi wengi wa umri mkubwa wanaijua injini ile hata wakifumba macho. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Akikutana na ile ya nusu-otomatiki, fundi wa aina hiyo anaona injini anayoifahamu, halafu anaona mipira asiyoifahamu. Mingine anaichomeka panapoingia. Mingine anaiziba kwa skrubu na kuifunga kwa kipande cha tyubu.

Liva ya gia ya gari hili ina gia tatu za mbele, zilizoandikwa L, 1 na 2, pamoja na ya kurudi nyuma. L ni ya mwinuko mkali. Kati ya injini na klachi kuna konvata, yaani chombo kilichojaa mafuta ambacho hupokea mzunguko wa injini na kuupitisha kwa mkondo wa mafuta badala ya vyuma kushikana. Kwa sababu ya konvata, gari linaweza kusimama likiwa ndani ya gia, injini ikinguruma, lisizimike. Lakini huwezi kubadili gia huku konvata ikiendelea kusukuma meno ya giaboksi. Lazima kitu fulani kikate nguvu kwa muda mfupi, na kitu hicho ni klachi.

Dereva anapoigusa liva, viunganishi viwili vidogo vya umeme chini ya liva hukutana. Umeme unakwenda nyuma kwenye injini na kuamsha sumaku ndani ya vali kuu, kifaa kidogo kilichofungwa upande wa kushoto wa chumba cha injini. Vali inafunguka, hewa inavutwa kutoka kwenye mkebe wa klachi, na kiwambo cha mpira kilicho ndani ya mkebe kinavuta fimbo inayoachilia klachi. Dereva anahamisha gia, anaiacha liva, hewa inarudi ndani ya mkebe, klachi inashika. Yote hayo hutokea kabla dereva hajamaliza kupumua.

Vakyumu ni nini, na inatoka wapi?

Neno ambalo gereji zote hutumia ni vakyumu. Maana yake ni hewa kuwa haba ndani ya bomba kuliko ilivyo nje. Hewa ya nje, kwa kuwa ni nzito zaidi, husukuma chochote kilicho katikati. Kiwambo cha klachi hakinyonywi hasa. Husukumwa na hewa ya nje. Jambo hili litatufaa tukifika kwenye habari za mwinuko.

Injini hutengeneza vakyumu bila kukusudia. Pistoni zinaposhuka, zinavuta hewa na petroli kupitia manifoldi, yaani bomba linalotoka chini ya kabureta kwenda kwenye silinda. Juu ya manifoldi, ndani ya kabureta, kuna kibamba cha duara kinachoitwa kipepeo. Ukikanyaga mafuta, kipepeo hufunguka. Ukiachia, hujifunga. Kipepeo kikiwa kimefungwa, pistoni zinavuta lakini hewa haina njia pana ya kuingia, kwa hiyo vakyumu ndani ya manifoldi inakuwa kali. Kipepeo kikifunguka wazi, hewa inamiminika na vakyumu inakaribia kwisha.

Kuna vakyumu ya pili, iliyo dhaifu, ambayo mafundi wengi huisahau. Juu ya kipepeo kabureta ina koo, sehemu iliyobanwa ili hewa ipite kwa kasi. Hewa inayokwenda kasi hupungua msukumo wake, na hivyo koo nalo huvuta kidogo. Tofauti yake na ya manifoldi ndiyo siri ya mfumo mzima: manifoldi huvuta sana mguu ukiwa juu, koo huvuta zaidi mguu ukiwa chini.

Mlima unakudai mara mbili

Sehemu za juu za Kilungu zinakaribia mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni baridi na nzuri kwa kahawa na mboga, lakini ni nyepesi. Msukumo wake ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Geji ya vakyumu, ambayo husoma kwa inchi za zebaki, hushuka kama inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Injini nzima inayosoma inchi 18 Mombasa ikinguruma bila kukanyagwa mafuta itasoma karibu inchi 12 huku juu, na hakuna kilichoharibika. Theluthi moja ya nguvu ya kuvuta klachi imebaki pwani.

Hilo ni deni la kwanza, nalo mwenye gari analilipa hata akiwa ameegesha. Deni la pili linakuja akipanda. Mguu umekanyaga mafuta, kipepeo kiko wazi, vakyumu ya manifoldi imekaribia sifuri, na wakati huohuo ndio gari linapohitaji gia ya chini. Kama klachi ingetegemea manifoldi peke yake, isingeachilia mlimani hata siku moja.

Waliounda gari hili walilijua jambo hilo, wakaweka tangi. Ni kopo la chuma lililofichwa ndani ya madigadi ya nyuma, upande wa kushoto. Kati yake na manifoldi kuna vali ya njia moja: hewa ya tangi inaruhusiwa kutoka kwenda kwenye injini, lakini haiwezi kurudi. Watu wa Ukambani, eneo la vilima hivi, hawahitaji kufundishwa maana ya akiba ya namna hii. Mto wa msimu ukishapita, bwawa la mchanga hubakiza maji chini, na watu wakaendelea kuchota baada ya mvua kukatika. Tangi la vakyumu hufanya kazi hiyo kwa klachi. Mguu ukiwa juu, injini hulitoa hewa. Mguu ukiwa chini na manifoldi imeishiwa, klachi inachota humo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwenye tambarare, dereva anaachia mafuta mara kwa mara, manifoldi inavuta vizuri, na tangi bovu halijulikani. Kwenye mteremko wa kutoka Nunguni vilevile, mguu uko juu wakati wote. Ni kupanda peke yake kunakofichua tangi lililotoboka, vali ya njia moja iliyokwama, au mpira uliopasuka. Giaboksi haina habari kama iko Kilungu au tambarare.

Kwa ufupi:
- Klachi ya gari hili inaachiliwa na vakyumu, na mwinuko unaipunguza vakyumu hiyo.
- Kukanyaga mafuta kunaimaliza vakyumu ya manifoldi, ndipo tangi linaposhika zamu.
- Gia zikikwaruza mlimani tu, anza na tangi na mipira, si giaboksi.

Mpira gani unakwenda wapi

Kushoto na kulia katika sura hii ni vya mtu aliyeketi ndani ya gari akitazama mbele. Fungua kifuniko cha injini nyuma na uitafute vali kuu, upande wa kushoto. Utaijua kwa mambo mawili: ina nyaya za umeme, na mpira mnene kuliko yote katika chumba hicho unatokea kwake.

Matundu na viungo vyake hubadilika kidogo kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, na gari lililopita mikononi mwa mafundi kadhaa linaweza kuwa na kiungo cha njia tatu ambacho hakikuwapo. Kwa hiyo usiukariri mchoro. Fuata kazi ya kila mpira:

1. Mpira mnene unatoka vali kuu hadi mkebe wa klachi, ulio juu ya giaboksi mbele ya injini. Huu ndio unaobeba kazi yenyewe ya kuvuta.
2. Mpira wa manifoldi unaleta vakyumu kutoka kwenye bomba lililo chini ya kabureta.
3. Mpira wa tangi unapita ukutani na kuingia ndani ya madigadi ya kushoto.
4. Mpira mwembamba unatoka vali kuu hadi kwenye kijibomba cha kabureta kinachosoma koo.

Mbali na hiyo kuna mipira ya distributa, kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Distributa za miaka ile mara nyingi zina mipira miwili, mmoja wa kuwahisha moto na mwingine wa kuuchelewesha, na yote miwili inakwenda kwenye kabureta. Hapo sasa kabureta moja ina vijibomba vitatu vyembamba vinavyofanana, na mipira mitatu myembamba inayofanana. Kabureta ya Solex ya gari hili si sawa na ya Beetle ya kawaida kwa sababu hiyo. Ukinunua iliyotumika pale Kirinyaga Road, Nairobi, hesabu vijibomba kabla hujatoa pesa. Iliyotoka kwenye Beetle ya pedali tatu inaweza kukosa kile cha koo, na hakuna mpira utakaofidia kasoro hiyo.

Mpira mwembamba ndio unaokosewa

Ningependa msomaji akae hapa kidogo, kwa kuwa mipira minene haikosewi kirahisi, haiingii penginepo. Ule mwembamba unaingia popote.

Kazi yake ni kuiambia vali kuu jinsi ya kurudisha klachi. Dereva akibadili gia huku akikanyaga mafuta, koo la kabureta linavuta, mpira mwembamba unafikisha mvuto huo, na vali inaruhusu hewa kurudi haraka ndani ya mkebe. Klachi inashika upesi, nguvu haipotei. Dereva akipunguza gia mguu ukiwa juu, labda kwenye mteremko mkali, koo limetulia, vali inaachia hewa polepole, klachi inashika taratibu, na abiria hawatupwi mbele.

Uchomeke sasa mpira huo kwenye kijibomba cha manifoldi, kile cha kuchelewesha moto. Mambo yote yanapinduka. Mguu ukiwa juu, manifoldi inavuta kwa nguvu, vali inadhani dereva amekanyaga mafuta, na klachi inashika kwa kishindo. Mguu ukiwa chini, manifoldi imenyamaza, vali inadhani dereva amepumzika, na klachi inashika polepole wakati injini inasukuma kwa nguvu zake zote. Klachi inateleza na kuungua. Mwenye gari atalalamika mambo mawili yanayoonekana hayana uhusiano: gari linashtuka likishuka, na linanuka likipanda. Fundi atatibu kila moja kivyake. Yote mawili ni mpira mmoja wa unene wa kalamu.

Kuvitambua vijibomba hivyo hakuhitaji kitabu wala mashine. Vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, hakikisha liva haiko ndani ya gia yoyote, kisha washa injini iliyopata moto. Toa mpira mmoja mmoja kwenye kabureta na uweke kidole chenye unyevunyevu kwenye kijibomba.

Kinachoshika kidole injini ikinguruma polepole kiko chini ya kipepeo. Hicho ni cha manifoldi, na mpira wa kuchelewesha moto ndio wake. Visivyovuta injini ikiwa polepole viko juu ya kipepeo. Mwambie mwenzako aongeze mafuta taratibu. Cha kuwahisha moto kinaamka mara kipepeo kinapoanza kufunguka. Cha koo kinaamka kwa mbali, na mvuto wake unakua kadiri hewa inavyopita kwa wingi. Ukishavijua, funga utepe wenye alama kwenye kila mpira kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Tahadhari ya mikono: mkanda wa feni uko karibu, na mikono mirefu ya shati ikunjwe.

Kupima kilichobaki

Anza na umeme, kwa kuwa hauchukui dakika. Washa ufunguo bila kuwasha injini, na umwombe mtu aisukume liva kidogo. Kwenye vali kuu usikie mlio mfupi, "tak". Usipousikia, kuna fyuzi iliyoungua, waya uliokatika, au viunganishi vya chini ya liva vimeliwa. Vakyumu haina hatia bado.

Kisha tangi. Washa injini, iache ingurume kwa dakika moja au mbili, izime. Subiri dakika chache, ukiwa umeinama mahali unapoweza kuiona fimbo ya klachi. Mwenzako awashe ufunguo na kuisukuma liva. Fimbo inapaswa kuruka kana kwamba injini inafanya kazi. Ikitikisika kwa uvivu, au isitikisike kabisa, akiba imevuja. Rudia jaribio mara tu injini inapozimwa, bila kusubiri. Kama safari hii fimbo inaruka vizuri, uvujaji ni mdogo: kitundu cha kutu au mpira uliokauka. Kama hata sasa imelala, angalia kwanza vali ya njia moja na kiwambo cha mkebe.

Kwa nini tangi hutoboka? Limekaa mahali ambapo gurudumu linarusha mawe na matope kila siku, kwa zaidi ya miaka 50. Kutu huanzia kwenye mshono wa chini, palipokaa matope. Tangi lenye kitundu kidogo hulehemiwa kwa shaba likapona. Lililolika pote litengenezewe jingine la chuma kinene. Wapo wanaofunga kopo la plastiki badala yake. Vakyumu ya manifoldi ina nguvu ya kulikunja kopo jepesi kama chupa ya soda iliyonyonywa.

Kwa kutafuta mpira unaovuja, povu la sabuni halisaidii, kwa kuwa hewa inaingia ndani badala ya kutoka. Chukua kipande cha mpira mrefu, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe kwenye viungo huku injini ikinguruma. Panapovuja panapiga mluzi. Njia nyingine ni kubana kila mpira kwa koleo, polepole. Ukibana mmoja na mngurumo ukabadilika ghafla, umeupata. Wengine hupulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta ili wasikie injini ikiongeza kasi. Kwenye injini ya moto, mimi sikubaliani na hilo hata kidogo.

Uvujaji huo huumiza injini pia, si klachi tu. Hewa inayoingia bila kupita kwenye kabureta haina petroli yake, mchanganyiko unakuwa mkavu, na injini inayopozwa kwa hewa haina maji ya kuiokoa na joto linalotokana nao. Kwenye mwinuko mrefu wenye mzigo, vali za moshi huungua.

Usisahau kichujio kidogo cha hewa kwenye vali kuu. Hewa inayorudi kwenye mkebe inapitia hapo. Vumbi la barabara zetu za udongo likikiziba, hewa inachelewa, na klachi inashika kwa uvivu hata kama mipira yote imekaa sawa. Kisafishwe, kikauke, kirudi.

Vali hiyo ina pia skrubu ya kurekebisha mwendo wa klachi kushika. Isiguswe kabla ya hayo yote. Baada ya mipira na tangi kuwa sawa, ukipunguza gia bila kukanyaga mafuta, klachi inapaswa kushika baada ya takriban sekunde moja tangu uiachie liva. Kama sivyo, geuza skrubu robo ya mzunguko, jaribu barabarani, geuza tena. Fundi anayeanza na skrubu hii huwa anarekebisha gari lifanane na uvujaji wake.

Mpira wa kununua

Mpira wa vakyumu lazima usikunjike unapovutwa. Huo ndio mtihani pekee. Mpira wa kumwagilia bustani, ule laini wa kupitisha maji, na vipande vya tyubu vyote hufaulu ukivijaribu kwa mdomo na kufeli injini ikipata joto: hulainika, kuta zake zinakutana, njia inaziba. Injini ikipoa, zinafunguka tena, na gari likifika kwa fundi kesho yake halina ugonjwa wowote. Hitilafu za namna hiyo zimepeleka giaboksi nyingi nzima kwenye benchi.

Nunua mpira wenye nyuzi zilizosukwa, unaostahimili petroli na joto. Mipira myembamba ya Volkswagen za miaka hiyo ina tundu la milimita 3.5. Ile minene pima ya zamani kabla hujaitupa, na uende nayo dukani. Kata kila mpira urefu uleule wa uliotoka, kwa kisu kikali, ncha iwe imenyooka. Mrefu kupita kiasi hujikunja. Mfupi hujivuta na kuchomoka injini ikitikisika. Sehemu zinazoingia ndani ya madigadi zipite kwenye kidude cha mpira cha kuzuia bati lisiukate. Badilisha yote siku moja. Mipira iliyozaliwa mwaka mmoja hufa ikifuatana, na kubadilisha mmoja mmoja ni kurudi gereji kila mwezi.

Mkono wa dereva

Liko jambo moja la dereva ambalo hakuna mpira unaoweza kulirekebisha. Mtu aliyezoea magari mengine hupenda kupumzisha mkono juu ya liva ya gia. Katika gari hili, uzito mdogo wa mkono unatosha kuviunganisha vile viunganishi vya chini. Klachi inaachilia katikati ya mwinuko, injini inapaa kwa kelele, gari linapoteza mwendo. Dereva anashtuka, anaondoa mkono, klachi inashika kwa kishindo. Mkono ukae kwenye usukani mpaka wakati wa kubadili gia ufike.

Na ukifika, achia mafuta kwanza, kisha uishike liva. Nusu sekunde ile ya mguu kuwa juu inarudisha vakyumu kwenye manifoldi na kuongeza akiba ya tangi. Kwenye miinuko mikali ya Kilungu, yenye makorongo pembeni na matuta ya mashamba juu na chini, ingia L mapema, kabla gari halijachoka. Ukiegesha, vuta breki ya mkono na uweke jiwe nyuma ya gurudumu. Konvata huteleza, kwa hiyo kuliacha gari ndani ya gia hakulizuii kuteremka kama linavyozuiwa gari la pedali tatu.

Beetle za aina hii zimebaki chache, na kila moja inayobadilishwa kuwa ya pedali inatupa vali kuu, mkebe na kabureta ambavyo mwenzake angevihitaji. Kabla hujamruhusu yeyote kuishusha giaboksi, mwombe alipime tangi mbele yako, injini ikiwa imezimwa, nawe ukiitazama fimbo ya klachi kwa macho yako.